Stroberi Bustanini: Punje Ndogo Zinavyoamuru Mavuno

Stroberi ni mmea mfupi wa kudumu, wa jamii moja na waridi, tofaa, pichi na plamu. Tunda lake ni jekundu, laini, lenye harufu nzuri, na katika kila gramu 100 huwa na maji gramu 90 hivi na vitamini C karibu miligramu 60, kiasi kinacholingana na cha chungwa. Katika Afrika ya Mashariki zao hili hustawi kwenye nyanda zenye ubaridi, kama vile Lushoto, miteremko ya Meru na Kilimanjaro, Njombe na Mbeya kwa upande wa Tanzania, na Limuru, Kiambu na Nakuru kwa upande wa Kenya. Tuta moja nyuma ya nyumba au kando ya darasa latosha kuipatia familia au shule matunda kwa miezi mingi ya mwaka.

Hata hivyo, watu wengi wanaoijaribu stroberi huiacha mapema. Hununua miche kwa bei kubwa, huipanda kwa bidii na kuimwagilia kila siku, na baada ya miezi sita hujikuta na tuta zuri la majani lenye matunda machache, madogo, yaliyopindika au yaliyooza upande mmoja. Wengine husema ardhi ni mbaya, wengine husema mbegu ilikuwa mbovu. Mara nyingi si ardhi wala mbegu. Kasoro hutokana na kutofahamu jinsi tunda la stroberi linavyoumbwa, na jinsi mambo madogo yanayotokea siku ya kuchanua ua yanavyoamua litakalovunwa mwezi mmoja baadaye.

Makusudi ya makala haya ni kueleza maumbile hayo, na kuonyesha namna kila kazi ya bustani, tangu kupanda hadi kuvuna, inavyotegemea maumbile hayo. Mwalimu wa baiolojia ataona pia kwamba tuta la stroberi ni maabara ya bei nafuu.

Asili ya mmea

Stroberi tunayoipanda leo haikuokotwa porini. Ni chotara ya mimea miwili ya bara la Amerika: mmoja wa mashariki ya Amerika ya Kaskazini, uitwao Fragaria virginiana, na mwingine wa pwani ya Chile, uitwao Fragaria chiloensis. Mimea hiyo miwili ilikutana Ulaya, tena kwa bahati.

Mwaka 1712 mhandisi wa jeshi la Ufaransa, Amédée-François Frézier, alitumwa kwenda Amerika ya Kusini kuchunguza ngome za Wahispania. Aliporudi mwaka 1714 alileta miche mitano ya stroberi ya Chile, ambayo matunda yake yalikuwa makubwa kuliko yoyote yaliyojulikana Ulaya wakati huo. Miche hiyo ilistawi na kutoa maua, lakini haikuzaa. Sababu yake ni rahisi kuifahamu leo. Katika stroberi ya Chile, mimea ya kike na mimea ya kiume kwa kawaida huwa mbali mbali. Frézier alikuwa amechagua miche iliyokuwa na matunda makubwa, na kwa hiyo, pasipo kujua, alichagua mimea ya kike peke yake.

Baadaye, wakulima wa mkoa wa Bretagne waliipanda stroberi ya Chile karibu na ile ya Virginia. Chavua ya Virginia ikaufikia ua wa Chile, na matunda yakapatikana. Mbegu za matunda hayo ndizo zilizotoa mimea chotara. Mwaka 1766 Antoine Nicolas Duchesne, aliyekuwa hajatimiza miaka 20, alitoa kitabu alichoeleza ndani yake kwamba stroberi yenye matunda makubwa na harufu kama ya nanasi ilikuwa ni mtoto wa mimea hiyo miwili. Kwa sababu ya harufu hiyo chotara huitwa Fragaria ananassa, jina lenye asili moja na neno letu "nanasi".

Historia hii ina mafunzo mawili kwa mkulima. Kwanza, ua lisilopata chavua halizai, hata mmea ukiwa na afya namna gani. Stroberi za siku hizi huwa na viungo vya kike na vya kiume katika ua moja, lakini bado chavua sharti ifike mahali pake. Pili, kwa kuwa stroberi ni chotara, mbegu zake hazitoi mimea inayofanana na mama. Kila seli ya mmea huu ina kromosomu 56, yaani seti nane za kromosomu saba saba, na mchanganyiko wake hubadilika katika kila mbegu. Ndiyo maana wakulima hawapandi mbegu, bali miche inayotokana na mashina.

Tunda ambalo si tunda

Katika darasa la baiolojia tunafundishwa kwamba tunda ni ovari iliyokomaa. Embe, papai na nyanya zote hufuata kanuni hiyo. Stroberi ni tofauti. Sehemu nyekundu tunayoila si ovari. Ni kitako cha ua, yaani ncha ya kikonyo inayobeba viungo vyote vya ua, ambayo imevimba na kujaa maji na sukari. Matunda yenyewe hasa ni zile punje ndogo kavu zilizotapakaa juu ya ngozi, ambazo wengi huzidhani kuwa mbegu tupu. Kila punje ni tunda dogo lililo kamili, lenye mbegu moja ndani yake.

Ukilichunguza ua la stroberi utaona petali nyeupe, kwa kawaida tano, kisha duara la stameni, na katikati kilima kidogo cha rangi ya manjano. Kilima hicho ni kitako cha ua, nacho kimefunikwa na pistili nyingi sana. Kila pistili iliyopata chavua na kutungishwa huwa punje. Pistili isiyotungishwa hubaki kijipunje kitupu, nayo nyama iliyo chini yake haikui.

Kwa nini nyama hiyo inategemea punje? Mwaka 1950 mtaalamu wa mimea J. P. Nitsch alitangaza matokeo ya majaribio yaliyojibu swali hili. Aliziondoa punje zote kwenye tunda changa, na tunda likaacha kukua. Alipobakiza punje chache, nyama ilivimba mahali penye punje hizo tu, na kwingine ikabaki ilivyo. Kisha aliondoa punje zote na kupaka mahali pake dawa yenye homoni ya jamii ya oksini, na tunda likaendelea kukua. Ilidhihirika kwamba punje changa hutoa homoni inayoiamuru nyama ya jirani kuvimba.

Kwa hiyo umbo la stroberi ni kumbukumbu ya mambo yaliyolipata ua. Tunda lililovimba sawasawa pande zote lilipata chavua ya kutosha. Tunda lenye kishimo au ubavu mgumu wa kijani, ambamo punje ni ndogo na zimesongamana, lilikosa chavua upande huo, au punje zake ziliharibiwa zingali changa na wadudu wafyonzao. Mkulima anayeweza kulisoma tunda namna hiyo hatalaumu ardhi kwa kosa ambalo si lake.

Maua ya stroberi hutoka kwa mpango maalumu. Kikonyo kikuu huishia kwenye ua moja la kwanza. Chini yake huchipuka maua mawili ya pili, kisha manne ya tatu, na pengine manane ya nne. Ua la kwanza huwa na pistili nyingi zaidi, mara nyingi zaidi ya 300, na idadi hupungua katika kila daraja inayofuata. Ndiyo sababu tunda la kwanza katika kila kishada huwa kubwa kuliko mengine, na ya mwisho huwa madogo. Hilo ni jambo la maumbile, wala si dalili ya upungufu wa mbolea.

Joto na urefu wa mchana

Aina nyingi za stroberi huanzisha maua mchana unapokuwa mfupi na hali ya hewa inapokuwa ya ubaridi. Katika nchi za kaskazini, kama Uingereza, mchana wa kiangazi hupita saa 16, na aina hizo huanzisha maua wakati wa majira ya vuli ili zizae mwaka unaofuata. Huku kwetu karibu na Ikweta mchana ni wa saa 12 hivi mwaka mzima. Hata Mbeya, iliyo karibu nyuzi 9 kusini ya Ikweta, tofauti kati ya mchana mrefu kabisa na mfupi kabisa ni kama saa moja tu. Kwa stroberi, basi, mchana wetu ni mfupi siku zote, na hakuna mwezi ambao urefu wake wazuia maua.

Kinachozuia maua kwetu ni joto. Stroberi hufanya vizuri ambapo joto la mchana ni kati ya nyuzi 18 na 24 za sentigredi na usiku ni wa baridi. Joto likikaa juu ya nyuzi 26 hivi kwa muda mrefu, maua hupungua au hukoma, na nguvu za mmea huelekezwa kwenye majani na mashina tambazi. Ndiyo sababu mche ulioletwa Dar es Salaam au Mombasa kutoka milimani huweza kunawiri majani bila kuzaa. Joto hushuka kwa wastani wa nyuzi 6 hivi kwa kila mita 1,000 tunazopanda, na hivyo mwinuko hutupatia ubaridi ambao nchi nyingine huupata kwa majira. Mkulima wa pwani asishawishike kupoteza fedha zake. Nanasi, pasheni na papai zitamlipa zaidi.

Kwa upande mwingine, palipo juu sana pana hatari ya jalidi, yaani umande ulioganda. Mahali kama Kinangop nchini Kenya na Kitulo nchini Tanzania, usiku mmoja wa jalidi waweza kuua pistili huku petali zikibaki nyeupe kana kwamba ua ni zima. Ukilitazama ua asubuhi na kukuta kitovu chake kimekuwa cheusi, fahamu kwamba halitazaa. Kuyafunika matuta jioni kwa nyasi kavu au magunia mepesi husaidia.

Kutayarisha tuta na kupanda

Chagua mahali penye jua kwa saa sita au zaidi kila siku. Usipande stroberi mahali palipopandwa nyanya, viazi mviringo, bilinganya au pilipili katika miaka mitatu iliyopita, kwa kuwa mazao hayo huacha ardhini kuvu wa mnyauko ambao hushambulia stroberi pia. Udongo unaofaa ni tifutifu, unaopitisha maji, wenye uchachu kidogo, yaani pH kati ya 5.5 na 6.5. Kwa ajili hiyo usimwage majivu mengi ya jikoni kwenye tuta, maana hupunguza uchachu huo. Stroberi haivumilii chumvi, hivyo maji ya kisima chenye chumvi hayafai.

Tuta la upana wa mita 1 na urefu wa mita 4 ni kipimo kizuri kwa kuanzia, kwani mtu anaweza kulifikia lote bila kulikanyaga. Liinue sentimita 20 hadi 30 ili maji yasituame. Changanya samadi iliyooza vizuri, kilo 5 kwa kila mita mraba. Samadi mbichi huunguza mizizi na huleta funza. Panda mistari mitatu, nafasi ya sentimita 30 kati ya mstari na mstari, na sentimita 30 kati ya mche na mche. Ukiacha sentimita 20 pembezoni, tuta hilo litachukua miche 39.

Sehemu muhimu zaidi ya mche ni shina lake fupi nene, ambalo hapa tutaliita taji. Juu ya taji hutoka majani na vikonyo vya maua. Chini yake hutoka mizizi. Wakati wa kupanda, usawa wa udongo sharti uwe katikati ya taji. Taji likifukiwa, chipukizi huoza. Likiachwa juu mno, mizizi hukauka na mche hudhoofu. Miche mingi hufa katika juma la pili kwa sababu ya kosa hili. Panda jioni, tandaza mizizi chini kama vidole vya mkono uliofunguliwa, shindilia udongo taratibu, kisha mwagilia.

Miongoni mwa aina zilizoenea Afrika ya Mashariki ni Chandler na Selva, zilizozalishwa na Chuo Kikuu cha California. Chandler huanzisha maua katika mchana mfupi, na kama tulivyoona, mchana wetu waifaa. Selva haijali sana urefu wa mchana.

Matunzo hadi kuzaa

Katika majuma manne hadi sita ya kwanza ondoa maua yote yanayotokea. Kazi hii huwaumiza wapandaji wapya, lakini ina faida. Mche mchanga ukizaa mapema hutumia akiba yake kabla ya kuwa na mizizi ya kutosha. Ondoa vilevile mashina tambazi, yaani yale mashina marefu membamba yanayotambaa ardhini kama marando ya viazi vitamu. Kila shina tambazi linaloachwa hunyonya chakula ambacho kingekwenda kwenye matunda.

Sehemu kubwa ya mizizi ya stroberi imo katika sentimita 20 za juu za udongo, kwa hiyo mmea huu huona kiu mapema. Tuta huhitaji maji yanayolingana na mvua ya milimita 25 kwa juma. Milimita 1 ya mvua ni lita 1 kwa kila mita mraba. Tuta la mita mraba 4 litahitaji lita 100, yaani ndoo tano za lita 20, zilizogawanywa katika siku tatu au nne za juma. Mwagilia asubuhi, chini ya majani. Maji yanayomwagwa juu ya maua huosha chavua, na majani yanayolala yakiwa na maji hukaribisha kuvu.

Matunda yanapoanza kutokea, tandika nyasi kavu, majani makavu ya migomba au pumba za mpunga chini ya mimea kwa unene wa sentimita 5 hivi. Matandazo hayo huhifadhi unyevu, huzuia magugu, na zaidi ya yote hulizuia tunda lisiguse udongo. Tunda linalolalia udongo huoza kabla ya kuiva.

Nyuki nao ni sehemu ya matunzo. Upepo hulisaidia ua la stroberi kujichavusha, lakini pistili mamia hazifikiwi zote kwa upepo. Nyuki anapozunguka juu ya kilima cha ua akitafuta nekta huzipaka chavua pande zote, na mara nyingi ua huhitaji kutembelewa zaidi ya mara moja. Wale nyuki wadogo wasiouma hufanya kazi hiyo pia. Anayepulizia dawa ya wadudu wakati wa maua huua wafanyakazi wake mwenyewe, kisha hushangaa kwa nini matunda yamepindika.

Maadui na usalama wa mlaji

Adui mkubwa ni ukungu wa kijivu, uletwao na kuvu aitwaye Botrytis cinerea. Huanza kwenye petali zinazokufa, kisha huingia katika tunda na kulifunika kama manyoya ya kijivu. Huenea upesi wakati wa mvua na ubaridi. Dawa yake ya kwanza ni usafi: ondoa kila tunda lililooza na majani yaliyokufa, uyafukie mbali, na usisonge miche. Wakati wa ukame utitiri mwekundu hufyonza majani kwa chini hadi yakawa ya rangi ya shaba. Maji na matandazo huupunguza. Konokono na jongoo hula matunda usiku, na huokotwa kwa mkono alfajiri. Ndege huzuiwa kwa wavu. Vidukari ni wa hatari zaidi kuliko wanavyoonekana, kwani huhamisha virusi kutoka mche hadi mche.

Hapa lipo jambo ambalo mwalimu asiache kulisisitiza. Stroberi huliwa mbichi, haimenywi, na ngozi yake yenye vishimo hushika kila kilichoigusa. Dawa yoyote iliyopuliziwa juu ya tunda, na kila kijidudu cha maradhi kilichomo katika maji machafu, huenda moja kwa moja kinywani. Kwa sababu hiyo usimwagilie stroberi kwa maji ya mfereji upitao karibu na vyoo au mazizi, wala usitie samadi mpya juu ya tuta lenye matunda. Ikilazimu kutumia dawa, soma kibandiko na kuheshimu idadi ya siku zinazotakiwa kupita kabla ya kuvuna. Mtoto anayechuma tunda na kulila papo hapo hana kinga nyingine isipokuwa uangalifu wa aliyelilima.

Kuvuna

Tangu ua kuchanua hadi tunda kuiva hupita siku 30 hivi, zikipungua palipo na joto na kuongezeka palipo na baridi. Tunda hupita kutoka kijani hadi nyeupe, kisha wekundu huenea mpaka juu karibu na majani madogo ya kijani yanayolizunguka kichwani.

Ndizi, embe na parachichi huweza kukatwa mabichi yaliyokomaa na kuivishwa nyumbani. Matunda hayo hutoa kwa wingi gesi ya ethilini inayoendeleza uivaji, na ndizi huwa na akiba ya wanga inayogeuka kuwa sukari. Stroberi haina akiba hiyo, na uivaji wake hauendeshwi namna hiyo. Sukari yake huletwa na mmea mpaka siku ya kuchumwa, nayo hukoma hapo kikonyo kinapokatwa. Stroberi iliyochumwa ikiwa na bega jeupe huweza kuwa nyekundu baada ya siku mbili, lakini haitakuwa tamu. Rangi hudanganya, ulimi haudanganyiki. Hii ndiyo faida kubwa ya bustani ya nyumbani: mkulima wa sokoni hulazimika kuchuma mapema ili tunda listahimili safari, lakini wewe unaweza kungoja hadi siku yenyewe.

Vuna asubuhi umande ukishakauka na kabla jua halijawa kali. Usilivute tunda. Kata kikonyo kwa ukucha au mkasi, ukiacha kipande cha sentimita 1 na yale majani ya kijani kichwani, kwa maana tunda lililong'olewa hubaki na jeraha linaloingiza kuvu. Weka matunda katika kikapu au sinia la kina kifupi, tabaka mbili au tatu tu, kivulini. Usiyaoshe mpaka saa ya kula. Rudi tutani kila baada ya siku mbili, hata kama unaona matunda machache, kwani tunda lililopitiliza huambukiza majirani zake. Bila jokofu hukaa siku moja au mbili. Katika jokofu huweza kukaa siku tano hivi.

Mche mmoja uliotunzwa vizuri huweza kutoa nusu kilo kwa mwaka. Hata kama kila mche utatoa gramu 300 tu, tuta letu la miche 39 litatoa karibu kilo 12. Yanayozidi hupikwa jamu. Kwa kuwa stroberi ina pektini kidogo, maji ya limau huongezwa ili jamu igande.

Kuongeza miche

Baada ya mwaka wa pili au wa tatu mimea huchoka, mataji hugawanyika mno na virusi hukusanyika. Kabla ya hapo chagua mimea michache yenye afya na uzao mzuri, uiache itoe mashina tambazi huku ukiondoa maua yake. Kwenye kifundo cha pili cha shina tambazi huota mche mdogo. Uweke juu ya kopo lenye udongo na uushikize kwa kijiti kilichopindwa. Baada ya majuma matatu au manne mizizi itakuwa imeshika, nawe utakata shina na kuuhamishia mche tuta jipya. Usichukue kamwe miche kutoka mmea wenye majani yaliyojikunja, yaliyodumaa au yenye mabaka ya manjano. Uchoyo wa kutaka kuokoa kila mche ndio unaoeneza maradhi katika kijiji kizima.

Majaribio kwa darasa

Jaribio la kwanza. Chagua maua 15 ya daraja moja ambayo hayajafunguka. Matano yafunikeni kwa vifuko vya kitambaa cha chandarua mpaka petali zianguke, ili nyuki wasiyafikie. Matano yaacheni wazi. Matano mengine yaacheni wazi, na zaidi ya hayo myachavushe kila siku kwa brashi laini. Baada ya mwezi mmoja pimeni uzito wa kila tunda na kulichora umbo lake. Je, ni kundi lipi lililopindika zaidi?

Jaribio la pili. Siku saba hivi baada ya petali kuanguka, chukueni matunda machanga matatu na kuondoa kwa ncha ya sindano punje zote za upande mmoja, bila kuchubua nyama. Fungeni uzi kwenye vikonyo vyake kuwa alama. Linganisheni pande mbili za matunda hayo yanapoiva, kisha elezeni matokeo kwa kutumia neno "homoni".

Jaribio la tatu. Hesabuni punje zilizojaa katika matunda 20 ya ukubwa mbalimbali, na kupima uzito wa kila moja. Choreni grafu ya uzito dhidi ya idadi ya punje. Mwelekeo wa nukta utawaonyesha kwa nini mkulima anayetaka matunda makubwa hana budi kuwatunza nyuki kwanza.

Jaribio la nne. Chumeni siku moja matunda matano yenye bega jeupe na matano yaliyoiva kabisa. Yawekeni chumbani siku mbili, yaosheni vizuri, kisha wanafunzi waliofungwa macho wayaonje. Andikeni majibu yao kabla ya kuwafungua macho.

Majaribio haya hayahitaji vyombo vya gharama, bali subira na daftari. Mwanafunzi atakayeyafuatilia kwa msimu mmoja ataweza kuliokota tunda lililopindika na kueleza limekosa nini, na siku gani.